Ziwa Halina Habari

Siku Kerttu Hyvärinen alipoletwa kwetu kutoka hospitali kubwa, nilimpa chumba kizuri kuliko vyote, na yeye akaligeuzia ziwa mgongo.

Nilikasirika, sifichi. Wodi ilikuwa bado inanukia mbao mpya. Mimi, msimamizi wa wauguzi, nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya ujenzi mpaka nikachoka makalio, nikigombania madirisha yale kama mtu anayegombania shamba la baba yake. Yalishushwa chini makusudi, ili mgonjwa aliyelala aone maji bila kuinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia. Milango ilijifunga bila kishindo. Ukumbi wa katikati ulipindwa kidogo ili usionekane mrefu kwa mtu mwenye miguu mibovu. Kengele tuliziondoa, tukabaki na simu zinazotetema mifukoni. Msanifu wetu, Tuukka, alituambia kwamba utulivu na mandhari ya maji husaidia mwili kupona, na tulimwamini mara moja, maana hapa Ufini hakuna mtu anayehitaji kubembelezwa ili aamini jambo hilo.

Na kweli wengi walipona. Mzee Eino wa chumba cha jirani alikuja kwetu mapigo yake yakienda mbio kama sungura. Akalitazama ziwa wiki nzima bila kusema neno, presha ikashuka, rangi ikamrudi usoni. Nilipomuuliza anajisikiaje, alisema, "Mm." Kwa Eino hiyo ni hotuba.

Kerttu alikuwa kitu kingine. Alikuwa amevunjika nyonga kwenye ngazi za sauna, bafu lake mwenyewe la mvuke. Upasuaji ulikwenda vizuri na mfupa ulikuwa unaunga, lakini kutembea alikataa katakata. Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Baada ya Pasaka daktari na mtu wa manispaa wangekuja kumwangalia. Akiweza kutoka kitandani na kujikongoja na kigari chake cha kuegemea mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi, atakwenda nyumbani kwake Mustikkamäki, na msaidizi atapita kila asubuhi. Asipoweza, kuna nafasi kwenye makao ya wazee ya mji wa pili. Watu wakienda kule huwa hawarudi, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

"Bi Kerttu, tuinuke basi. Twende mpaka mlangoni tu."

"Mlangoni kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ni mazoezi."

"Hata hapa hakuna kitu. Kwa hiyo nimeshafika."

"Basi walau litazame ziwa! Kuna watu wangetoa jino kupata chumba hiki."

Alinigeukia polepole, akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyemwaga maziwa. "Raili, binti wa Lempi. Ziwa limeganda tangu Novemba. Ni jeupe kama hili shuka, na lina mikunjo michache kuliko shuka. Nimelitazama mchana kutwa. Halina habari."

Mtaalamu wa mazoezi alijaribu, akatoka amenuna. Mimi nilijaribu kwa upole, nikajaribu kwa ukali, nikajaribu kwa mkate mtamu wa iliki. Mkate alikula.

Kilichoniuma ni kwamba huyu mwanamke nilimjua tangu nikiwa na meno ya utotoni. Miaka yote ile Kerttu ndiye aliyeendesha gari-duka kwenye barabara zetu za changarawe, basi kuukuu lililoondolewa viti likajazwa unga, kahawa, samaki wa chumvi na peremende. Alipofika kwenye kona ya kwetu alipiga honi mara mbili, na kila mlango ulifunguka. Watu waliokaa wiki nzima bila kuzungumza na yeyote walipanda ngazi za gari lile, wakanunua kiberiti, wakakaa nusu saa. Kerttu alijua nani amezaa, nani amegombana na nani, na ng'ombe wa nani ana homa. Aliyabeba yote hayo kutoka nyumba hadi nyumba pamoja na unga. Kumwona mtu yule amelala akitazama ukuta kulinitia uchungu.

Kisha bomba likapasuka chini ya sakafu ya chumba chake. Maji yalijaa, mafundi wakaja, na vyumba vingine vyote vilikuwa na watu. Nikamhamishia kwenye stoo ya mashuka, mwisho kabisa wa ukumbi, katikati ya rafu za taulo. Nilimwomba radhi. Stoo ilikuwa upande wa uani, upande ambao Tuukka alikuwa ameutia kila kitu kisichopendeza: mapipa ya taka, mlango wa jikoni, mahali pa kushushia mizigo, na banda wanakojificha wavuta sigara. Dirisha lake lilikuwa dogo, na lilikuwa juu.

Asubuhi iliyofuata niliingia na uji, nikakuta kitanda kitupu.

Alikuwa amesimama. Mkono mmoja kwenye rafu, mkono mwingine kwenye kizingiti cha dirisha, pua kwenye kioo.

"Kerttu! Utaanguka!"

"Nyamaza, wataniona. Njoo hapa. Usije na hilo sinia, linapiga kelele."

Nilikwenda. Chini uani, Jarkko, dereva wa lori la mashuka, alikuwa anashusha makapu ya magurudumu. Mbele yake alisimama Satu wa jikoni, mikono ameikunja kifuani.

"Unaona?" Kerttu alininong'oneza. "Hana koti."

"Nani?"

"Satu! Baridi yote hii na hana koti. Mwanamke hatoki nje bila koti kumpokea mtu wa mashuka. Ametoka mbio, hakutaka kumkosa."

Nimefanya kazi na Satu miaka mingi, na sikuwa nimeona chochote. "Wanasema nini?" niliuliza, na mimi mwenyewe nikiwa nimeshasogea kwenye kioo.

"Wanasema nini! Kaka kasema 'Habari.' Dada kasema 'Nzuri.' Basi. Sasa wanatazama kapu. Hawa watazeekea hapo kwenye mapipa."

Tulikaa hapo mpaka lori likaondoka. Uji ulipoa. Ndipo nilipokumbuka kwamba mgonjwa wangu amesimama kwa miguu yake muda wote huo, na kwamba hakuna aliyemwambia asimame.

Siku zilizofuata zilikuwa raha tupu. Alisimama kuangalia nani anavuta sigara wakati aliahidi kuacha. Alisimama kuangalia basi la shule likigeuza. Alitoka kwenda ukumbini kunitafuta anieleze, na akirudi alikuwa anaharakisha asipitwe na jambo. Mtaalamu wa mazoezi alidhani ni kazi yake, na sikumharibia furaha.

Lakini bomba lilitengenezwa. Sakafu ikakauka. Na stoo si chumba cha mgonjwa: haina kitufe cha kuita muuguzi, haina hewa ya oksijeni ukutani, na mkaguzi wa mambo ya moto angetufunga sote. Nikamrudisha Kerttu kwenye chumba kizuri kuliko vyote. Alilala, akavuta blanketi mpaka kidevuni, akaligeuzia ziwa mgongo. Siku ya pili hakusimama. Hata mkate wa iliki aliuacha.

Nilimpigia simu Tuukka na nilimfokea. "Wodi yako inamuua mtu kwa utulivu!" nilisema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema atakuja.

Alikuja siku iliyofuata, kijana mrefu mwenye sauti ya chini, amevaa soksi za sufu, maana viatu alivivua mlangoni kama yuko kwa watu. Aliketi kando ya kitanda. Alikuwa ameumia, nilimwona. Wodi ile aliipenda.

"Bi Kerttu," alisema, "tuliwauliza watu wote. Nilikuja mpaka kwenye ukumbi wa kijiji chenu. Nilisema, anayetaka madirisha yaelekee ziwani, kwenye utulivu, anyooshe mkono. Mikono yote ilipanda. Na wewe ulikuwepo. Ulikaa mbele, na kofia nyekundu. Ulinyoosha mkono wako kabla ya wengine."

Kerttu alianza kunyoosha mikunjo ya shuka. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Sasa ulitaka nifanye nini, mwanangu?" alisema mwishowe. "Nisimame mbele ya kijiji kizima niseme, mimi sitaki utulivu, mimi nataka kuchungulia mambo ya watu?"

"Ungeweza kusema."

"Wewe ni Mfini kweli, au wamekuokota wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Tuukka naye alijikaza, akashindwa. "Kwa hiyo wengine nao…?"

"Waongo watupu! Nenda Mustikkamäki ukaangalie. Kila nyumba ina sebule inayotazama ziwa, na sebuleni hakai mtu isipokuwa mchungaji akija. Watu wote wako jikoni, na kila dirisha la jikoni linatazama barabara. Wanakaa pale na kahawa kutwa nzima, na ukipita wanajifanya wanamwagilia maua."

Tuukka aliinuka. Alitembea ukumbi mzima, akaingia stoo, na hakutoka. Nilipomfuata nilimkuta anachungulia dirishani, amekunja magoti kidogo kwa sababu ya urefu wake.

"Huyu wa lori," alisema bila kugeuka, "mbona haongei?"

"Hata wewe?" nilisema.

Alikuwa na aibu, lakini hakuondoka. Alipogeuka tayari alikuwa anapima ukuta kwa macho. Stoo itolewe rafu, alisema, mashuka yahamie kwenye chumba cha mapazia ambacho hakina kazi. Mlango uondolewe kabisa, dirisha lishushwe na kupanuliwa kama yale ya ziwani. Meza ya kahawa iwekwe pale. Na hapo ndipo aliponishtua: kahawa isipelekwe tena vyumbani kwa anayeweza kusimama. Anayeitaka aifuate.

"Wataniua," nilisema.

"Weka viti njiani. Viti vyenye mikono, vya kujiinulia. Mtu apumzike, kisha aendelee. Nilitengeneza ukumbi mzuri, Raili, ila sikuweka kitu mwisho wake. Kerttu amesema kweli. Nani atatembea kwenda mahali pasipo na kitu?"

"Na Eino je? Yeye anataka ziwa lake."

"Eino abaki na ziwa lake. Sikusema nibomoe ziwa."

Mafundi walifanya kazi ile upesi kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu na wao walipendezwa na dirisha. Siku ya kwanza ya kahawa kulikuwa na manung'uniko, kisha harufu ikatambaa ukumbini, na milango ile isiyopiga kelele ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Eino alikuja, akajimiminia kikombe, akakiweka kwenye kiti cha kigari chake, akasema "Mm", akarudi nacho kwenye ziwa lake taratibu asimwage. Kerttu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alichagua kiti, na baada ya siku mbili kila mtu alijua ni cha nani.

Nikadhani tumemaliza. Nilisahau kwamba Kerttu ana kichwa kigumu.

Pasaka ilipopita walikuja kumpima Kerttu chumbani kwake, daktari na Orvokki wa manispaa, mwanamke mwema, mwenye sauti laini. Waliketi migongo yao ikiwa ziwani. Barafu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi pembezoni.

"Kerttu, tuonyeshe unavyotembea," daktari alisema.

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote tu."

"Popote si mahali."

"Anatembea!" nilisema. "Kila siku, kwenda na kurudi. Jana tu nilimwona anampita Eino."

"Raili, tunakuamini," Orvokki alisema. "Lakini lazima tuone wenyewe."

Kerttu alikunja mikono. "Mimi si ng'ombe wa maonyesho."

Nilimkonyeza. Nilimkunjia uso. Nilimwomba kwa macho kama nilivyokuwa namwomba peremende zamani. Hakuna. Daktari alitazama saa ya ukutani. Orvokki akaanza kueleza, polepole na kwa huruma, kwamba ile nafasi kwenye makao bado ipo, kwamba watu wa kule ni wazuri, kwamba kuna utulivu, na hata huko ziwa linaonekana.

Hapo niliona mikono aliyoikunja Kerttu ikilegea. Aliogopa. Alitaka kwenda nyumbani kuliko kitu chochote duniani, na kiburi kilikuwa kimemkalia juu kama gunia, hajui tena namna ya kukisukuma. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumtikisa.

Ndipo ikasikika kutoka mbali, kupitia ukumbi mzima: ile milio mifupi ya lori linaporudi nyuma.

Kerttu alinyanyua kichwa. "Huyo ni Jarkko."

"Nani?" daktari aliuliza.

"Lakini Jarkko alikuja asubuhi. Ameshashusha. Hakuna mashuka mchana." Alinitazama, na macho yake yalikuwa yale ya kwenye gari-duka. "Raili. Amerudi kufanya nini?"

"Sijui," nilisema, na kweli sikujua.

Alivuta kigari, akaegemea, akasimama. "Pisheni," aliwaambia wakubwa wale wawili, na wakapisha.

Alitembea. Hakugusa kiti hata kimoja. Magurudumu ya kigari yalilia kwenye sakafu laini, daktari nyuma yake, Orvokki nyuma ya daktari, mimi nyuma ya wote nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Kwenye mlango wake wazi Eino alituangalia tukipita, msafara mzima. Akageuza kigari chake, akatufuata.

Dirishani Kerttu alishika fremu, akainama. Jarkko alikuwa ameshuka kwenye lori. Hakuwa na kapu. Nywele alikuwa amezichana kwa maji, na mkononi alikuwa na tulipu za njano ndani ya karatasi, akizishika mbali na mwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiyemjua. Mlango wa jikoni ulifunguka.

"Ana koti," Kerttu alisema kwa sauti ya chini. "Leo kavaa koti. Na mkoba."

Walitazamana wale wawili. Midomo ilisogea kidogo.

"Wanasema nini?" Orvokki alinong'ona. Pua yake ilikuwa imeshaacha alama kwenye kioo.

"'Habari.' 'Nzuri,'" Kerttu alisema. "Ngoja. Ngoja… Mpe maua, mjinga we! Mpe… Haya! Kampa."

Satu alipokea maua, akazunguka lori, akapanda mbele. Mlango ulifungwa, lori likaondoka, ua ukabaki na mapipa yake. Halafu Eino, aliyekuwa nyuma yetu, alisema, "Walikuwa wamechelewa sana." Sijawahi kumsikia akisema sentensi ndefu hivyo.

"Yule si Satu wa jikoni?" Orvokki aliuliza. "Na mtu wa mashuka? Tangu lini?"

"Kaa chini," Kerttu alisema, akishuka kwenye kiti chake, "nikueleze."

Daktari alijimiminia kahawa. "Nadhani tumeona tulichokuja kuona," aliniambia. Nilimpa mkate.

Kerttu alikwenda nyumbani wiki hiyohiyo. Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni pa chumba, na kwa mara ya kwanza alilitazama ziwa kwa hiari yake. Barafu ilikuwa imevunjika, maji yalikuwa ya bluu. "Zuri," alikiri. "Mpe mtu mnyamavu." Tuukka alinipigia simu baadaye kusema anachora wodi nyingine, kaskazini, na kwamba safari hii hatauliza watu wakiwa ukumbini. Atakwenda jikoni kwa kila mmoja, anywe kahawa, aone wanakaa wakitazama wapi.

Mwezi Mei, siku moja nikitoka kazini, niligeuza gari nikapita njia ya Mustikkamäki. Sikuwa na shughuli kule. Nilipofika kwenye kona ya nyumba yake nilipunguza mwendo, nikapiga honi mara mbili. Pazia la jikoni lilisogea. Alikuwa amesimama, mkono mmoja ameuinua, na kigari sikukiona popote. Nilimpungia, nikaendelea na safari, maana kwetu mtu haingii kwenye nyumba ya mwingine bila kualikwa, na nilikuwa na furaha kiasi cha kutosha.

Jioni simu yangu ililia.

"Raili, binti wa Lempi. Kwako si upande huu. Leo ulikuwa unakwenda kwa nani?"

Nilitafuta uongo, nikaukosa. "Nilikuwa nakuja kwako," nilisema.

"Kwangu? Na mbona hukusimama?"

"Sijui, Bi Kerttu. Niliona haya."

Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Kesho simama," alisema. "Nitakuwa dirishani, na kahawa itakuwa tayari."